Betri ya sola ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Paneli nzuri hukaa juu ya bati miaka 20 na zaidi. Kinachokufa kwanza ni betri, na mara nyingi hufa ndani ya mwaka mmoja au miwili, kisha mwenye nyumba anaambiwa sola imeharibika. Sola ni nzima. Betri ndiyo iliyochaguliwa kwa bei na kwa namba ya Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) iliyobandikwa ubavuni, na vyote viwili havikwambii utapata umeme kiasi gani, wala kwa miaka mingapi. Hapa tunazipanga aina tano zinazopatikana madukani Tanzania na Kenya kwa ajili ya nyumba ambayo nguzo ya umeme haijaifikia, tukianza na ile inayorudisha umeme mwingi zaidi kwa kila shilingi.

Kwanza piga hesabu ya nyumba yako

Chukua nyumba ya kawaida ya Pwani. Taa sita za LED za wati 7 zikiwaka saa 5 ni wati-saa 210. Televisheni ya inchi 32 inayokula wati 40, saa 5, ni 200. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Simu nne, wati-saa 15 kila moja, ni 60. Feni ya wati 50 kwa saa 6 ni 300. Jumla ni 830, na kwa kuwa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, nayo hula chake, ongeza asilimia 15: unafika karibu 950 kwa siku.

Sasa geukia betri. Ya volti 12 yenye Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi, yaani ya maji, ya jeli au AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo), ukiivuta kupita nusu kila usiku unaiua. Basi una 600 tu za kutumia. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 yenye Ah 100 ina volti 12.8, sawa na wati-saa 1,280, nayo unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi: zaidi ya 1,000. Kwa nyumba hii utahitaji betri mbili za risasi au moja ya lithiamu. Anayelinganisha bei ya moja kwa moja, Ah 100 kwa Ah 100, amekwisha kosea.

Hesabu ya pili ndiyo inayoamua. Kila mara unapochaji na kutumia ni mzunguko mmoja. Jeli ikitumiwa hadi nusu huenda mizunguko kati ya 500 na 1,000; tukikadiria 700, Ah 100 itakupa kilowati-saa 420 maishani mwake. LiFePO4, tukikadiria kwa tahadhari mizunguko 3,000, inakupa kilowati-saa 3,000, mara saba ya hiyo. Kwa hiyo ukiwa dukani gawanya: kama lithiamu inauzwa chini ya mara saba ya jeli, lithiamu ndiyo ya bei nafuu.

1. LiFePO4

Hii ndiyo tunayoiweka juu, kwa sharti kwamba ni ya kweli. Sokoni kuna mengi yanayoitwa "lithiamu". Tafuta maandishi LiFePO4 na volti 12.8 au 25.6. Betri iliyoandikwa volti 11.1 au 14.8 ni ya familia nyingine ya lithiamu, inayoshika moto kwa urahisi zaidi, na kontrola nyingi za sola, yaani vifaa vinavyosimamia chaji kutoka paneli hadi betri, hazina mpangilio wake.

Beba mizani ya mkono, ile ya kuning'iniza. Seli nne halisi za Ah 100 peke yake zina uzito wa karibu kilo 8; ukiongeza kasha, nyaya na bodi ya ulinzi, betri nzima inafika kilo 10 hadi 13. Ikipimwa ikawa kilo 6 au 7, hiyo haina Ah 100 hata kama stika imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Kipimo cha pili kinahitaji muda, lakini duka linalojiamini litakubali kukurudishia fedha betri ikishindwa. Chaji betri hadi ijae. Unganisha balbu mbili za taa za mbele za gari, za wati 55 kila moja, sambamba, kila moja ikiwa juu ya kigae kwa sababu zinapata moto mkali. Andika saa uliyowasha. Balbu hizo zinavuta karibu ampea 9, hivyo Ah 100 za kweli zinapaswa kuziwasha saa 10 au 11. Zikizimika baada ya saa 6, umenunua Ah 55.

Uliza pia bodi ya ulinzi, yaani BMS, ni ya ampea ngapi. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta zaidi ya ampea 90. Bodi ya ampea 50 itakata umeme kila ukiwasha pasi au blenda, na fundi atalaumu inveta. Friji nayo, kompresa inapoanza, huvuta kwa sekunde chache mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

Kwenye kontrola chagua mpangilio wa lithiamu, au weka mwenyewe volti 14.2 hadi 14.4 za kujazia na 13.5 za kushikilia. Zima kabisa ile hatua ya kusawazisha, inayopandisha volti kupita 15. Ni ya betri za maji. Na usiitegemee taa ya kontrola kujua chaji iliyobaki. Volti ya LiFePO4 haichezi: ikiwa na asilimia 90 husoma karibu 13.3, ikiwa na 40 bado iko karibu 13.1. Unachohitaji ni mita yenye shanti, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Mpangilio wa kuunganisha ni betri kwanza, paneli mwisho; ukifungua, paneli kwanza. Ukiunganisha paneli kwenye kontrola isiyo na betri, kontrola nyingi hushindwa kutambua kama mfumo ni wa volti 12 au 24, na baadhi huungua.

2. Tyubula ya maji

Ni zile betri ndefu zenye vifuniko sita juu na vielea vya kuonyesha kiwango cha maji. Sahani zake chanya zimefungwa ndani ya mirija inayozuia risasi isimomonyoke, ndiyo maana inavumilia mizunguko 1,200 hadi 1,500 ikitumiwa kwa adabu. Ya Ah 200 inakupa takriban kilowati-saa 1,500 maishani. Kwa mtu ambaye fedha ya lithiamu haijatimia na ana mahali pa kuiweka, ni chaguo la heshima kabisa.

Inadai matunzo. Kila mwezi fungua vifuniko na uongeze maji yaliyosafishwa hadi alama ya juu, baada ya betri kujaa chaji, si kabla. Hapa ndipo betri nyingi zinapouawa: madukani "maji ya betri" ni jina la vitu viwili. Chupa moja ni maji safi, nyingine ni asidi, na wakati mwingine chupa zinafanana hadi rangi ya kifuniko. Soma lebo. Kinachopungua ndani ya betri ni maji peke yake, asidi hubaki; ukiongeza asidi unaikoleza, sahani zinaliwa, na baada ya miezi michache betri imekwisha. Maji ya bomba au ya kisima nayo yana chumvi, usiyatie.

Nunua haidromita. Seli iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, ikishuka hadi 1.20 iko karibu na nusu. Seli moja ikisoma chini sana kuliko tano nyingine, hiyo ndiyo yenye ugonjwa, na ukiwa bado ndani ya dhamana irudishe siku hiyo hiyo.

Inapochaji hutoa haidrojeni, hivyo isikae chumba cha kulala wala kabatini. Ya Ah 200 ina uzito wa kilo 55 hadi 65. Mpangaji anayehamahama aifikirie mara mbili.

3. Jeli

Haimwagiki, haiongezwi maji, inaweza kukaa sebuleni. Udhaifu wake ni chaji kali. Inataka volti 14.1 au 14.2 za kujazia, lakini kontrola nyingi za bei ndogo zinatoka kiwandani zimewekwa kwa betri ya maji, 14.4 hadi 14.8. Volti ikizidi, vipovu vinajitokeza ndani ya jeli, jeli inakauka na kupasuka, na hakuna mlango wa kuirekebisha. Kama kontrola yako haina kitufe cha kuchagua GEL, usinunue jeli.

Joto nalo. Betri yoyote ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zaidi ya 25. Ukiiweka Mombasa au Dar es Salaam kwenye chumba chenye nyuzi 35 chini ya bati, gawanya kwa mbili miaka iliyoandikwa kwenye karatasi. Ishushe sakafuni, juu ya ubao, upande wa nyumba usiopigwa jua la mchana.

4. AGM

Madukani aina hii na jeli zote huitwa "betri kavu", na nyingi zinazouzwa kwa jina la jeli ni AGM. Inatoa ampea nyingi kwa ghafla na inafaa UPS, kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, katika ofisi yenye umeme wa gridi. Kwa matumizi ya kila usiku huchoka mapema. Tunaiweka chini ya jeli.

5. Betri ya gari

N70, N100, hata N200 ya lori. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache na kujazwa mara moja, kwa hiyo sahani zake ni nyembamba na nyingi. Ukiivuta hadi nusu kila usiku, mara nyingi haimalizi mwaka. Ukilazimika kuitumia kwa muda, iwe kwa taa na simu tu, na usiishushe chini ya volti 12.3.

Betri zilizotumika, zinazosemekana zimetoka kwenye minara ya simu, hatuzipangi. Hujui zilikaa miezi mingapi bila chaji, na ukiifunga moja kuukuu sambamba na mpya, kuukuu huivuta mpya chini kila usiku.

Yanayoua hata betri nzuri

La kwanza ni paneli ndogo. Kwa wati-saa 950 kwa siku, ukikadiria saa 5 za jua kali na hasara ya asilimia 30, unahitaji karibu wati 270, nunua 300. Betri ya risasi isiyojaa siku baada ya siku huota fuwele ngumu za salfeti ya risasi kwenye sahani, na uwezo wake haurudi. Tyubula ya Ah 200 inataka angalau ampea 20 za kuchaji.

Hapa kuna mtego. Paneli kubwa za wati 300 nyingi zina volti 30 na kitu, ampea 9 hivi. Ukiifunga kwenye kontrola ya PWM, ile rahisi isiyogeuza volti, na betri ya volti 12, ampea zinabaki 9 zile zile, volti zinashushwa hadi 13, na wati 300 zako zinakuwa kama 120. Kontrola ya MPPT inaigeuza ile volti ya ziada kuwa ampea, unapata 20 na zaidi. Kama bajeti hairuhusu MPPT, nunua paneli zenye volti 18 na uzifunge sambamba.

La pili ni nyaya. Inveta ikitoa wati 500 inavuta karibu ampea 50 kutoka kwenye betri ya volti 12. Kwa umbali wa mita 2, kwenda na kurudi mita 4, waya wa shaba wa milimita za mraba 4 unapoteza karibu volti 0.9: betri ina 12.2, inveta inaona 11.3 na kuanza kulia wakati chaji bado ipo. Waya wa 16 unapoteza 0.2 tu. Weka fyuzi ya ampea 80 ya mkondo wa moja kwa moja (DC, yaani umeme wa betri), isiyozidi sentimita 30 kutoka kwenye chanya ya betri. Swichi za kukata za umeme wa nyumbani hazizimi cheche za mkondo huo. Zinaweza kuendelea kuwaka ndani.

La tatu ni kikomo cha kukata. Inveta nyingi huzima kwenye volti 10.5, na hapo betri ya risasi imeshafika chini kabisa. Ukiweza kupanga, weka 11.8. Asubuhi kabla jua halijachomoza, betri ya risasi ikiwa imepumzika bila mzigo, pima: 12.7 ni imejaa, 12.1 ni nusu.

Risiti, na betri ya zamani

Risiti iandikwe aina, Ah, namba ya betri na tarehe, na dhamana itaje uwezo uliobaki, mfano asilimia 80, si neno "mwaka mmoja" peke yake.

Betri ya risasi iliyokufa ina thamani ya chakavu, kwa hiyo omba duka likukatie bei yake unaponunua mpya. Usimpe mtu anayeiyeyusha uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia katika damu za wakazi na watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Isafirishe ikiwa imesimama, vifuniko vimekazwa, vichwa vyake vimefungwa kwa utepe wa umeme, na asidi usiimwage chini ili iwe nyepesi kubeba.