Sailensa ya vyumba au ya bomba lililonyooka kwa Prado

Anayebadilisha sailensa ya Toyota Land Cruiser Prado hukutana na aina mbili. Ya kwanza ni ya vyumba, ambamo moshi hupitishwa kwenye kuta na vijibomba ili mawimbi ya sauti yagongane na kufifia. Ya pili ni ya bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungushiwa nyuzi za kioo zinazofyonza sauti. Hii ya pili hupitisha moshi kwa urahisi zaidi, lakini nguvu inayoongezeka kwa kawaida ni ndogo, na katika safari ndefu mngurumo wake huwachosha abiria, hasa watoto waliolala kiti cha nyuma. Kwa gari la familia ningechagua ya vyumba bila kusita.

Kwa mkazi wa Mombasa au Tanga, chuma cha pua ni muhimu kuliko umbo, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida kwa nje, huku maji ya mvuke yanayobaki baada ya safari fupi yakiitoboa sailensa kwa ndani. Wakati wa kufunga, mwambie fundi achomoe waya wa hasi wa betri kabla ya kuchomelea, wala asirudishe mpira wa kuning'inizia uliokwisha kupasuka.