Nilikodi Cessna 172 kwenda kula chakula cha mchana: uzoefu wangu

Nilipopata leseni ya urubani binafsi, miezi ya mwanzo nilikuwa naruka, nazunguka juu ya uwanja uleule, natua, nalipa bili ya klabu na kwenda zangu nyumbani. Hamu ikaanza kupungua. Rubani mmoja mkongwe pale klabuni ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, tafuta uwanja wenye jiko zuri, uende ukale." Wenzetu wa Marekani wana jina kabisa la safari hizi, hambaga ya dola 100. Hambaga yenyewe ni ya bei ndogo, dola zilizobaki huishia kwenye mafuta na kukodi ndege.

Basi Jumamosi moja nikamchukua mke wangu na kaka yake. Uwanja tuliouchagua ni mdogo, wa mkoa, una njia moja ya lami na jengo la chini lenye mgahawa. Kwa barabara ni zaidi ya saa tatu kwa sababu ya milima. Kwa ndege ni kilomita 150, yaani kama dakika 45 ukihesabu na kupanda.

Ndege ilikuwa Cessna 172S. Aina ya 172 iliruka mara ya kwanza mwaka 1955 na hakuna ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda, kwa hiyo karibu kila klabu ina mtu anayeijua vizuri. Kwa safari ya chakula naipenda kwa sababu mabawa yako juu. Abiria anaiona nchi yote chini yake bila kuzibwa na kitu. Mke wangu alikaa nyuma na hakutoa macho dirishani.

Ila msidanganyike na viti vinne. Ukomo wa uzito wa kuruka ni kilo 1,157. Ile tuliyokodi ina kilo 770 ikiwa tupu. Sisi watatu tulikuwa kilo 246. Matangi yakijaa, lita 200 hivi, petroli peke yake ni kilo 144, na jumla yake tayari inauvuka ukomo kabla hata ya mkoba wa mke wangu. Nikaweka lita 130. Injini inakula kama lita 35 kwa saa, kwa hiyo kwenda na kurudi zilitosha, na akiba ikabaki ya zaidi ya saa moja na nusu. Kanuni za kimataifa zinataka angalau dakika 30 mchana kwa anayeruka kwa kutazama nje kwa macho, si kwa kufuata vipimo vya ndege. Mimi sishuki chini ya saa moja, maana mgahawani mtu husahau saa, na hali ya hewa haimsubiri mtu amalize kula. Shemeji, ambaye ndiye mzito kuliko sote, nilimweka mbele kando yangu ili uzito usielemee mkiani.

Tuliondoka saa 3 asubuhi. Kabla ya hapo nilitoa sampuli za petroli kwenye matundu yote 13 chini ya mabawa na tumbo la ndege, nikaangalia kama rangi ni ya buluu na kama hakuna maji yaliyotuama chini ya chupa. Njiani hewa ilikuwa tulivu kabisa.

Chakula sasa. Jiko linapika ukishaagiza, hakuna kilichokaa kwenye joto tangu asubuhi. Supu ilikuja inachemka, samaki mzima wa kuoka ngozi yake imekauka vizuri na ndani ana maji yake, na mkate wa siku ileile. Meza za nje zinatazama njia ya kurukia, ukiwa unakula unaona wenzako wanatua. Mpishi alitoka mwenyewe kuuliza kama tunataka kuongezwa. Nimekula sehemu nyingi zenye majina makubwa, na bado nasema lile jiko linawashinda. Watu wengi pale walikuwa wamekuja kwa ndege kama sisi, na mazungumzo ya meza kwa meza yalikuwa ya upepo na njia za kurukia. Raha yake sijaipata kwingine.

Kosa letu lilikuwa kukaa mpaka saa 8 mchana. Uwanja ule uko futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, na joto lilikuwa limefika nyuzi 30. Kwa ndege, hewa ya namna hiyo ni nyepesi kama iliyoko karibu futi 6,800. Propela inakamata kidogo, bawa linabeba kidogo, injini inapungukiwa nguvu. Nilikuwa nimepiga hesabu za kupaa nyumbani kwa joto la asubuhi, nikalazimika kuzirudia mezani.

Halafu injini ikakataa kuwaka. Injini hii haina kabureta, petroli hupita kwenye vibomba vyembamba juu ya silinda. Ukizima, upepo wa kuipoza unakoma, joto linapanda na petroli inageuka mvuke humo ndani. Mimi nikaipampia petroli kama nilivyofanya asubuhi ikiwa baridi, nikaizamisha. Stata ikazunguka bure mara mbili. Shemeji akanigusa bega, "Shemeji, taratibu, hatuna haraka." Nikangoja stata ipoe, nikavuta kitufe chekundu cha petroli mpaka mwisho ili kuikata, nikafungua nguvu ya injini zaidi ya nusu, nikazungusha, na iliposhika nikasukuma petroli ndani huku nikirudisha nguvu chini upesi. Ikawaka. Tangu siku hiyo sipampi injini ya moto, na nikishuka nafungua kifuniko kidogo cha oili ili joto litoke wakati tunakula.

Kupanda kulikuwa kwa polepole na hewa ya mchana ilitutikisa mpaka tulipovuka milima. Mke wangu alishiba sana na hakufurahia sehemu hiyo.

Nyota 4 kati ya 5 kwa safari nzima. Jiko na ndege nazipa 5 zote. Iliyopungua ni kwa sababu mgahawa hauandiki popote siku unazofunga, na tulikutana na rubani aliyewahi kuruka mpaka pale akakuta mlango una kufuli. Pigeni simu kabla ya kuwasha injini. Kama kuna anayetaka bia na samaki wake, awe abiria. Marekani sheria inataka saa 8 tangu glasi ya mwisho, na mimi hata hizo naziona chache.

Safari ijayo tunaondoka saa 1 asubuhi na saa 5 tuwe tumeshaanza kurudi. Shemeji ameshaniuliza zimebaki kilo ngapi, maana mara ile alibeba mikate minne kwenye mapaja na ndege nzima ilinukia mkate mpaka tulipotua.