Wanakutafutia shoo, halafu unajijua mwenyewe

Nianze na haki yao: pesa walilipa. Sasa niacheni niseme.

Ni programu ya simu inayowaunganisha wanamuziki na wenye kumbi na shughuli. Jina silitaji, wanaoitumia wataijua. Unaweka video zako ukiwa jukwaani, mwenye shughuli anakuchagua, wao wanakata asilimia 20. Wakala wa kawaida anakula 10 au 15, na huyo angalau unamjua sura. Hilo nililimeza, maana kujitafutia shoo mwenyewe ni kazi nyingine kabisa: unatuma ujumbe haujibiwi, na mwenye ukumbi anakwambia "tutakucheki" mpaka unazeeka.

Kilichonichefua ni fomu ya mahitaji ya jukwaani. Ni lazima uijaze, la sivyo hauonekani kwa wateja. Mimi napiga gitaa la akustika na kuimba, mwenzangu anapiga ngoma. Nikaandika vizuri: mikrofoni ya sauti, mikrofoni za ngoma, kisanduku cha DI (cha kuunganisha gitaa na mtambo wa sauti bila mngurumo), spika ya kujisikilizia, na nusu saa ya kujaribu sauti kabla wageni hawajaingia. Ikaja alama ya kijani: "Mwenyeji amethibitisha." Mwenyeji ndiye huyo mwenye shughuli. Nikalala usingizi.

Tumefika, mikrofoni ni moja, imezungushiwa utepe shingoni. Spika mbili, zote zinawatazama wageni, ambao walishakaa na sahani mkononi. DI hakuna. Gitaa likachomekwa kwenye mixer moja kwa moja kwa waya mrefu, likatoa sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye kopo, na mngurumo wa umeme juu yake.

Nikamfuata msimamizi wa ukumbi, nikamwonyesha fomu kwenye simu. Hata hakuisoma. "Hiyo mimi sijaletewa." Nikamweleza taratibu kwamba bila spika ya upande wetu hatutasikiana. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia: "Ndugu yangu, umekuja kuimba au kukagua mitambo? Juzi alikuja mwenzako na flashi ya muziki tu, na watu wakacheza."

Na flashi!

Nikawapigia huduma kwa wateja. Dada mpole, hilo sikatai. "Pole sana kaka. Ile fomu ni kwa kumbukumbu zetu tu." Na alama ya kijani je? Inajiweka yenyewe mwenyeji akishalipa kianzio. Yaani hakuna binadamu aliyeisoma, si wao, si ukumbi. Nilijaza ya nini?

Tukapiga. Asiyewahi kupiga bila kujisikia hawezi kuelewa: sauti yako inagonga ukuta wa mwisho inarudi imechelewa, mpiga ngoma anafuata ile iliyorudi, wewe unafuata vidole vyako. Kufika wimbo wa tatu tulikuwa bendi mbili tofauti. Ngoma iliishia kusikika kwa nguvu za mikono yake tu, masikini. Wageni walipiga makofi ya adabu, na yule msimamizi alikuwa amesimama mlangoni anatingisha kichwa, kana kwamba tatizo ni sisi.

Nilikusudia nyota tatu, kwa sababu salio liliingia kesho yake bila mimi kumbembeleza mtu. Mnaojua hii kazi mnajua maana yake. Nimeshadai hela za shoo mpaka mwenye shughuli akanizuia kwenye simu. Kwa hilo tu ningewapendekeza, tena kwa wale wa flashi ningewapa tano.

Halafu nikafungua mchanganuo wa malipo. Nauli ya kubebea ngoma, ambayo mwenyeji alituongezea kando, nayo wamekata asilimia 20. Nauli! Gari lilikuwa lao? Nyota moja, na hiyo ni kwa yule dada wa simu.

Akaunti sijaifunga, kuna mtu anatuulizia kwa shughuli ya mwezi ujao. Safari hii nikasema sitegemei fomu, nikamwomba mwenyeji namba ya fundi sauti wake tuongee wenyewe. Programu ikaifuta namba kwenye ujumbe, eti kubadilishana mawasiliano kabla ya shoo ni kinyume cha masharti. Wanaogopa tutamalizana pembeni. Sasa habari za DI nimwambie nani?