Nyuma ya ukuta wa bahari: kufukua au kudunga povu?
Maji yakipwa, yale yaliyonaswa nyuma ya ukuta hutokea kwenye nyufa na viungo, yakibeba mchanga na kuacha shimo nyuma ya ukuta. Kumwaga udongo juu ya shimo bila kuziba njia hiyo ni kuilisha bahari.

Kufukua kunatibu chanzo. Chimba hadi chini ya ufa, tandika kitambaa cha jiotekstaili (hupitisha maji, huzuia mchanga), vipande vipishane angalau sentimita 30, jaza kokoto safi, kisha shindilia udongo kwa tabaka za sentimita 20. Ni kazi nzito. Ukuta dhaifu unaweza kulalia nyuma maji yakijaa.

Povu la poliyurethani, plastiki inayovimba na kujaza mianya ya udongo, hudungwa nyuma ya ukuta kwa bomba jembamba, hata penye maji, na huganda upesi. Hatari yake: likiziba matundu ya kutolea maji, shinikizo husukuma ukuta baharini. Toboa kwanza matundu yenye chujio. Ukuta ulioinama hauokolewi na povu.