Miezi minane na seti ya geji za presha: rola yangu iliyokataa kupanda mlima

Nina rola moja ya tani 10, ngoma mbele na tairi mbili nyuma, ninayoikodisha kwa wenye kazi za barabara na viwanja kuanzia Changamwe hadi Mazeras. Mwezi wa Februari ilianza tabia. Asubuhi inapanda mlima vizuri. Ikifika saa tano, jua la kaskazi limewaka na mafuta ya haidroliki yamepata moto, inaanza kuchoka. Saa saba haipandi kabisa: injini inanguruma, mashine imesimama pale pale. Mjomba anayeiendesha, ambaye yuko kwenye mashine hizi tangu mimi niko shule, aliniambia, "Mwanangu, nguvu ya injini ipo. Haifiki chini."

Nikaita karakana moja. Wakaja, wakasikiliza, na baada ya dakika kumi jibu likatoka: pampu imekufa. Pampu iliyotumika, laki tatu na nusu, kazi ya kufunga ni mbali. Hakuna aliyefungua plagi hata moja ya tundu la kupimia presha wala kupima chochote. Mwaka uliotangulia nilikubali jibu kama hilo kwa mashine nyingine, nikauza pikipiki ili kutimiza pesa, na pampu ilipofungwa ugonjwa ukabaki vile vile. Safari hii nilikataa. Nikaenda mjini nikanunua seti ya geji kwa shilingi 18,500, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Ndani ya sanduku kuna geji tatu, kwa presha ya juu kabisa ambayo kila moja inasoma: ya bar 60, ya bar 250 na ya bar 600. Zote zimejazwa gliserini, kwa hiyo mshale hautetemeki injini ikiwaka. Uso wa geji unaonyesha vipimo viwili vya presha, bar na psi pamoja, jambo linalosaidia sana kwa sababu vitabu vya mashine nyingi za zamani vimeandikwa kwa psi (bar 1 ni psi 14.5). Kuna hosi tatu nyembamba za kupimia, na adapta kumi na mbili.

Kwa nini si geji moja? Kwa sababu kwenye rola kama yangu kuna presha mbili zilizo mbalimbali kabisa. Pampu kubwa inasukuma mafuta hadi kwenye mota inayoitembeza mashine, na yakitoka kwenye mota yanairudia pampu moja kwa moja bila kupita kwenye tangi. Njiani mengine huvuja kwa ndani, na ni lazima yavuje kidogo ili vyuma vilainike. Kuna pampu ndogo, mafundi wanaiita chaji pampu, kazi yake ni kurudisha kile kilichovuja. Hiyohiyo ndiyo inayotoa presha ya kuiamrisha pampu kubwa na ya kufungua breki, maana breki za mashine hizi zimeshikwa na springi mpaka mafuta yazifungue. Presha ya kazi inaweza kupita bar 350. Presha ya chaji mara nyingi iko kati ya bar 20 na 30 tu. Ukipima hiyo ndogo kwa geji ya 600, mshale unasogea unene wa ukucha na hujui umeona nini. Geji ya 60 ndiyo iliyoniokoa.

Kabla ya kufunga chochote nilimuuliza mjomba: inachoka ikienda mbele tu, au na nyuma pia? Akasema kote kuko sawa. Ingekuwa upande mmoja, ningeshuku valvu ya usalama ya upande ule, nikabadilisha nafasi za valvu mbili, ya mbele na ya nyuma. Ugonjwa ukihama pamoja na valvu, umempata mwizi. Kwa kuwa ulikuwa pande zote, nikaanza na chaji.

Asubuhi, injini ikiwaka, mashine imesimama, lava ya mwendo ikiwa katikati: bar 25. Kitabu cha mashine kinataka 24, kwa hiyo nzuri. Tukafanya kazi mpaka saa saba, nikapima tena palepale, lava katikati: bar 12. Hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu. Kama presha ingekuwa nzima mashine ikisimama, kisha ianguke ikianza kutembea, ningeamini kwamba pampu kubwa au mota inavujisha. Lakini ilikuwa imeanguka hata kabla ya kutembea. Kasoro ilikuwa kwenye njia ya kulisha: kunyonya, filta, pampu ndogo, au valvu yake.

Filta mpya haikubadilisha kitu. Valvu nikaifungua, nikaisafisha, haikuwa na uchafu wala springi haikuvunjika. Ilibaki kupima mvuto kwenye hosi ya kunyonya kutoka tangini, na hapa seti iliniangusha, kwa sababu haina geji ya mvuto. Nikanunua peke yake, shilingi 1,900. Mafuta yakiwa baridi mvuto ulikuwa bar 0.1. Yalipopata moto ukapita bar 0.5, na hapo pampu ndogo inakuwa kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija.

Hosi yenyewe kwa nje ilikuwa nzuri, nyeusi, haina ufa. Nikaikata kwa kisu. Mpira wa ndani ulikuwa umebambuka, unaning'inia kama ulimi. Baridi unakaa pembeni. Ukipata moto unalainika, unavutwa, unaziba njia. Aliyeifunga alitumia hosi isiyo na waya wa kuzunguka ndani yake, na ya kunyonya lazima iwe nao (ile iliyopigwa chapa R4). Hosi mpya na klempu zake: shilingi 4,200. Jioni hiyo, mafuta yakiwa moto, geji ilisoma bar 24, na rola ikapanda.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mjomba alikuwa ameniambia pampu inalia mchana, nami sikutilia maanani. Kule kulia ni viputo vinavyopasuka ndani ya pampu, na vinakula chuma. Pampu ya laki tatu na nusu ingefungwa kwenye hosi ileile mbovu, na ingekufa kwa ugonjwa uleule.

Sasa kasoro za seti. Adapta ni za nyuzi za milimita na za Kiingereza peke yake. Matundu mawili ya rola yangu ni ya oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), ikabidi nitengenezewe adapta kwa fundi wa hosi, siku nzima imepotea. Hewa yetu ya chumvi haikusubiri: mwezi wa tatu wa kuitumia seti, viungo vilianza kutu, sasa ninavipaka grisi kila nikimaliza kazi. Usahihi sina lawama. Nililinganisha na geji ya jamaa yangu, tofauti ilikuwa bar 4 kwenye 300.

Kuna jambo moja karatasi ya maelekezo haikulisema, na walipaswa kuliandika kwa herufi kubwa. Usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa presha hii yanapenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo kuliko kilivyo. Tumia kipande cha kadibodi. Mafuta hayo yakikupata, nenda hospitali saa ileile, hata kama hakuna maumivu. Na kabla ya kufungua plagi yoyote, injini izimwe na magurudumu yawekewe gogo.

Naipa nyota nne. Mwezi uliopita kijana wangu aliifunga geji ya 60 kwenye tundu la presha kubwa, mshale ukazunguka ukabaki umelala. Mpya ilinigharimu shilingi 2,700. Sasa nimefunga utepe mwekundu kwenye hosi yake, na tundu la chaji kwenye mashine nimelipaka rangi nyekundu hiyohiyo.