QGIS kwa mwanafunzi wa uzamili: tathmini yangu kutoka Mikindani

Nasoma shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa za kijiografia, na tasnifu yangu inahusu mikoko ya Ghuba ya Mikindani, nyumbani kwetu. Chuoni tulifundishwa kwa programu ya kulipia. Niliporudi Mtwara kukusanya data, leseni ilibaki kwenye kompyuta za chuo, nikahamia QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani. Sioni sababu ya kurudi kwenye ile ya kulipia.

Ni ya bure, na haina muda wa majaribio unaokwisha ukiwa katikati ya sura ya nne. Gary Sherman aliianzisha mwaka 2002, na leo inaendelezwa na watu wa mataifa mengi. Ukishaipakua, inafanya kazi bila bando.

Nilichokipenda zaidi ni namna inavyoshughulikia mifumo ya kodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo duniani. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960, ilhali simu inasoma WGS 84, mfumo wa GPS. Ukizichanganya bila kuangalia, alama zinahama takriban mita 300, na mikoko yako inaishia baharini. QGIS ukiitajia mfumo wa kila tabaka, yaani kila ramani au seti ya data uliyoifungua (ramani zetu hizo hutumia gridi ya mita ya UTM, kanda ya 37 Kusini), inazilinganisha yenyewe. Usikubali tu inachokisia. Hakiki kwa kitu usichokitilia shaka, kama njia panda au kona ya jengo.

Picha nazipata bure kutoka satelaiti za Sentinel-2, ambazo pikseli zake ndogo kabisa, vile vijiraba vinavyounda picha, ni za mita 10. Hapa mtu wa pwani ana faida ambayo sikuikuta darasani. Satelaiti hizo hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa sana, saa hizo maji yamekupwa, ndiyo maana akina mama huwa wameshashuka kutafuta pweza. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakipanda na kushuka kidogo, saa hizohizo maji yamejaa na miche ya mikoko imefunikwa. Kwa hiyo ukilinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu, unaweza kuandika kwamba msitu umepungua kumbe ni maji tu. Mimi huangalia mwezi kwanza, ndipo nachagua tarehe ya picha. Msimamizi wangu alitaka jambo hilo liingie kwenye sura ya mbinu, na limeingia.

Kwa kazi ya uwandani natumia QField, programu ya simu inayofanya kazi na QGIS. Nasimama kwenye tope, naandika aina ya kila mkoko, huu mchu, huu mlilana, huu mkandaa, na kodineti zinaingia hata pasipo mtandao.

Kasoro zipo. Kupanga ukurasa wa ramani ya kuchapa kunachosha. Skeli na ufunguo wa ramani vilinila jioni nzima. Picha nzima ya Sentinel-2, yenye eneo la takriban kilomita 110 kwa 110, inailemea laptopu yangu, na programu ikielemewa huzimika bila kuaga. Kata eneo lako kabla ya kuanza kuainisha, yaani kutenganisha mikoko na maji au mchanga kwenye picha, na hifadhi kazi kila mara.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Anayeanza tasnifu apakue toleo la LTR, lile linalotunzwa kwa muda mrefu, na asilibadilishe mpaka amalize kutetea.