Buti la kukodi limefumuka Newala, halafu nadaiwa mimi

Nilisema nisiandike mpaka hasira ziishe. Haziishi, basi naandika.

Safari ni ya kuteremka kwa miguu kutoka Shimo la Mungu, ule mteremko mkali wa Newala, Mtwara, kuelekea bonde la Ruvuma, kisha mnapanda tena. Mvua zilikuwa zimekatika juzijuzi, kote kijani, na ukisimama pale ukingoni unaiona Msumbiji ng'ambo. Pazuri mno. Kama hujafika, nenda.

Ila viatu vya ile ofisi iliyotupeleka usikodi.

Tulikuwa hata hatujashuka sana. Njia ilipoanza mawe yenye utelezi, soli ya buti la kulia ikaachia kuanzia vidoleni hadi kisiginoni. Nikakaa chini, nikaligeuza. Gundi ya njano bado inanata, imepakwa juu ya mchanga mkavu wa safari ya mtu mwingine. Hakuna uzi hata mmoja. Kwa hiyo walijua! Mtu alikaa, akalibandika, akalipanga na mazima, akampa mteja ateremke nalo.

Kijana aliyetuongoza simsemi vibaya. Alitoa kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye begi, akalifunga buti kwa kulizungusha mara kadhaa, na kila penye hatari alinishika mkono. Anaijua ardhi yao. Alitueleza kwa nini maji yalikuwa ya shida huko juu: mvua inazama mchangani, inakuja kutoka kama chemchemi chini ya mteremko, ndiyo maana akina mama walikuwa wakishuka kuchota na kupanda na ndoo kichwani. Ningependa kumsikiliza vizuri, lakini akili yote ilikuwa mguuni.

Mtandao uliposhika nikampigia mwenye ofisi.

"Dada, hilo buti limetoka hapa likiwa zima. Umelikanyagaje?"

Nikamwambia, kaka, gundi hata haijakauka.

"Nyie wa mjini mna maneno mengi. Buti utalilipa." Akakata simu.

Sikuwa nimeomba hata shilingi. Huku kwetu Kusini ukijikwaa sokoni, asiyekujua anakupa pole. Mimi nimelipa, nimeteleza kwenye mawe kwa ajili ya kiatu chake, naulizwa nimekanyagaje!

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu ya mandhari na yule kijana. Lakini mandhari si yao. Na kijana, kwa jinsi alivyotuhudumia, anastahili bosi mwingine. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya kijana, asiiguse mtu.

Dhamana yangu wameizuia mpaka leo. Nikirudi Newala nitamtafuta kijana mwenyewe, nimlipe mkononi, nivae raba zangu. Picha za ile soli ninazo. Anayetaka kwenda kukodi aniombe nimtumie kwanza.